Kabla hujaacha dawa zako

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwamba umeanza kupunguza vidonge vyako vya kifafa, valproeti, kwa sababu ya ndoa inayokuja, sijatulia. Sikulaumu kwa kuwafikiria watoto ambao hujawazaa. Ninakulaumu kwa kuamua peke yako jambo lililopaswa kuamuliwa nawe pamoja na daktari wako.

Ulichosoma kuhusu madhara ya dawa hiyo kwa mtoto aliye tumboni ni kweli. Nilikwenda kwa mfamasia, akanieleza kwamba kati ya watoto kumi ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya maumbile, na watatu au wanne huchelewa kukua kiakili. Ndiyo maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Lakini alinieleza na la pili, ambalo nadhani ulilipita haraka: ukiikatisha dawa ghafla, degedege laweza kurudi likafuatana bila wewe kupata fahamu, na hali hiyo huua. Kwa hiyo usipunguze hata nusu kidonge zaidi. Piga simu kliniki leo, useme umekwisha kupunguza kiasi gani, wakuambie la kufanya mpaka siku ya miadi.

Ukifika, mweleze daktari waziwazi kwamba unaolewa, na kama unataka kuzaa mapema au kusubiri, kwa maana hilo hawezi kulijua kwa kukutazama. Muulize kama dawa nyingine, lamotrijini au levetirasetamu, inafaa kwa aina ya kifafa chako, inapatikana huko kila mwezi, na kwa bei gani. Muulize mabadiliko yatachukua muda gani, maana lamotrijini huongezwa polepole kwa wiki kadhaa ili kuepuka upele wa hatari. Usisahau kumuuliza kuhusu asidi ya foliki, ile vitamini ya wajawazito, wala kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, kwani baadhi ya vidonge hivyo hupunguza nguvu ya lamotrijini mwilini. Akikujibu kwa maneno usiyoyaelewa, mwombe arudie. Huo si utovu wa adabu.

Najua ni vigumu kwako. Sisi wa Mahenge tulizoea kupokea dawa, kushukuru na kuondoka, na ndivyo ulivyotuona tukifanya miaka yote tuliyokupeleka hospitali. Kliniki ya kifafa aliyoianzisha Daktari Louise Jilek-Aall kwetu mwaka 1960 iliwarudisha wengi katika maisha ya kawaida kwa dawa ya fenobabitali, na enzi hizo mgonjwa alipewa dawa iliyokuwapo. Leo zipo kadhaa, kila moja ina faida na madhara yake, na anayejua ni madhara gani unayoweza kuyavumilia ni wewe. Ninajivunia kwamba ulitafuta habari mwenyewe, jambo ambalo mimi nisingeliweza katika umri wako. Lakini habari hizo zipeleke kwa daktari, usizigeuze kuwa cheti cha dawa.

Mchumba wako aende nawe. Tulipokukataza zamani kutaja kifafa nje ya nyumba, tulihofia majirani na imani yao kwamba mate yanaambukiza. Maneno yale usiyafuate kwake. Yeye ndiye atakayekuwa karibu degedege likija usiku, naye ajifunze kukulaza ubavu na kutokutia chochote mdomoni.

Shangazi yako anaulizia siku ya kupokea mahari. Nimemwambia baba yako tusiwape wageni tarehe mpaka daktari aseme mpango wa dawa utakwendaje, naye amekubali, ingawa ananung'unika kwamba mbuzi wawili wa sherehe wanamaliza pumba. Fedha za mpunga nimempa kaka yako akuletee kwa ajili ya nauli na vipimo, pamoja na kadi yako ya zamani ya kliniki niliyoikuta kabatini. Ina tarehe za degedege zako tangu utotoni, na daktari ataihitaji.

Nijibu jioni hii uniambie kliniki wamesema nini.

Mama yako