Barua kwa wazazi: kufunga muhula wa kwanza

Wazazi wetu wapendwa,

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Muhula umeisha salama alhamdulillahi. Ripoti fomu watoto wamebeba, vyoo vya wasichana vimekwisha, mwalimu wa hesabu amefika. Hayo basi, sasa niwaambie jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natabasamu.

Mnajua fomu 3 muhula huu wamesoma The Old Man and the Sea ya Ernest Hemingway. Nakala 20 watoto 42, wakipokezana. Kitabu chembamba, lakini mwanzoni walinung'unika, mzee siku 84 hapati samaki hadithi gani hiyo. Mwalimu wao akawaambia huyu mwandishi alikuja hapa hapa Malindi kuvua mwaka 1934, miaka 18 kabla kitabu hakijatoka. Wee! Kuanzia siku hiyo vitabu vikawa vinagombaniwa. Na kwa vile mzee akilala huota simba wako ufukweni Afrika, wakabishana wiki nzima ni ufuko gani, mpaka msichana mmoja akawaonyesha ukurasa palipotajwa visiwa vya Canary, kwa hivyo ni ng'ambo ya magharibi huko, si kwetu. Mtoto anayebishana na ukurasa mkononi, mimi huyo nampenda.

Walipomaliza kitabu ndio tukawaonyesha filamu, ile ya 1958 ya Spencer Tracy. Jumamosi baada ya isha tukatundika shuka jeupe ukumbini, projekta ya kuazima, stima ikapotea mara mbili ikarudi. Babu wa mmoja wa watoto, mvuvi wa Shela miaka yote, alikaa mbele kabisa na bakora yake. Filamu haijafika nusu akasema kwa sauti, "Huyu hayuko baharini. Maji haya hayana mkondo." Watu wakacheka, lakini mwalimu akasimamisha filamu akasema babu amesema kweli, sehemu nyingi Tracy alipigwa picha ndani ya tangi la studio, na yule nduaro anayeruka, samaki mkubwa anayevuliwa na mzee, ni wa kweli, alipigwa picha Peru. Babu akasema, "Yule ndiye samaki." Halafu akafungua kiganja cha kulia akawaonyesha kovu la mshipi wa kuvulia, limepita kutoka kidole cha shahada mpaka chini ya kidole cha mwisho, jeupe, limenyooka kama limepigwa rula. Msichana wa deski la pili akafungua kitabu chake akasoma pale mshipi unapomkata mzee mkono. Ukumbi ukanyamaza, nikawa nasikia feni tu.

Jumatatu nikakuta wamechora kwa chaki kwenye veranda samaki wa futi 18 kama kitabuni, na ubavuni mtumbwi wa mzee, mfupi kwa futi 2. Nimekataza usifutwe.

Tukawaonyesha pia ile katuni ya Aleksandr Petrov wa Urusi, ya 1999, dakika kama 20 hivi, imechorwa rangi ya mafuta juu ya kioo kwa ncha za vidole. Mvulana mmoja akaandika kwamba kwa Tracy imebidi iwekwe sauti ya kusimulia manake mzee yuko peke yake na mawazo yake, lakini kwa Petrov mawazo yanageuka maji na maji yanageuka samaki. Fomu 3 huyo! Nimeisoma hiyo insha mara nne.

Sasa lililoniuma. Watoto 11 waliandika insha kuhusu binti wa yule mzee. Wazazi, kwenye kitabu mzee hana binti. Ana picha ya marehemu mkewe, ameitoa ukutani kwa sababu akiitazama upweke unamzidi, ameiweka rafuni chini ya shati lake safi. Huyo binti yuko kwenye filamu ya televisheni ya 1990 aliyocheza Anthony Quinn, walimwongeza wenyewe, wakaongeza pia mwandishi mmoja na mkewe. Watoto wetu wameitazama kwenye simu usiku, kitabu hawakukifungua, halafu wakaandika juu kabisa "baada ya kusoma kitabu hiki". Insha nne zinafanana mpaka makosa ya spelingi. Simu hizo mmewapa nyinyi, na sheria ya shule mnaijua. Na mzazi mmoja akaja ofisini kuniuliza, mwalimu kwani hadithi si ni ile ile? Si ile ile mzazi wangu. Filamu nazipenda, shuka nililitundika kwa mikono yangu. Mtoto kusema amesoma na hajasoma, huo ni uongo, na mzazi kuutetea ndio kumfundisha. Hao 11 likizo hii wanasoma kitabu chote, na wiki ya kwanza kila mmoja atawasomea fomu 1 kurasa tatu kwa sauti, mzazi amekaa pale pale.

Kutohudhuria: kaskazi yote hii kuna wavulana tisa walikuwa wanatoroka kufuata maboti ya watalii, jioni wanarudi na mia tano mfukoni na nyumbani hakuna anayeuliza imetoka wapi. Muulize.

Karo. Wenye shida ya kweli njooni tuongee, kuna wengi nimewaandikia barua za basari na nitaendelea, sijamfukuza mtoto wa mtu kwa umaskini. Lakini kuna ambao tunakutana sokoni, "kesho mwalimu", kesho ya tangu mwaka jana, na mtoto wako kila siku anakula maharagwe ambayo muuza duka ananidai mimi. Ameniambia muhula ujao hatoi gunia bila pesa. Nimewaambia mapema. Wenye deni la mwaka jana nataka kuwaona kabla ya kufungua, baba au mama, msitume shangazi.

Tunafungua Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nne, saa moja asubuhi. Fomu 3 watasoma Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Clement Ndulute ya kitabu cha Chinua Achebe, na wakimaliza tutatazama tamthilia ya Nigeria ya 1987, Pete Edochie ndiye Okonkwo. Mlangoni nitasimama mwenyewe na kila anayeingia nitamuuliza swali moja la kitabuni. Yule babu wa Shela ameshasema atakuja.

Mwalimu Mkuu