Kwa nini gharama ya kufufua injini kuukuu ya trekta la bustani hukaribia bei ya injini mpya

Lalamiko tunalolisikia mara kwa mara hapa karakanani kwetu Nyakato, Mwanza, ni hili: mteja analeta trekta lake dogo la bustani la zamani, anaelezwa gharama ya kushusha injini na kuirudishia hali yake, kisha anasema kwamba kwa fedha hiyo angepata injini mpya ya Kichina mjini na chenji ikabaki. Hivi karibuni mzee mmoja wa Kisesa, mkulima wa nyanya na vitunguu, aliwaambia majirani zake kwamba tumemwibia. Tunamheshimu mzee wetu na hatutaki kujibizana naye barabarani. Lakini kwa kuwa swali lake ni la wengi, tumeona ni vema tueleze kwa maandishi kile ambacho mteja hulipia, na ni wakati gani sisi wenyewe humshauri aachane na injini ya zamani.

Matrekta tunayoyazungumzia ni yale madogo ya magurudumu manne, yenye injini ya petroli ya silinda moja, ambayo mengi ya yanayotufikia yalikuwa ya misheni na shule au yalikuja kwa makontena ya mitumba. Sehemu kubwa yamefungwa injini za Kohler za mfululizo wa K, ambazo zilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950: K181 ya nguvu farasi 8, K241 ya 10, K301 ya 12 na K321 ya 14. Bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya chuma kizito cha kusubu, valvu zimesimama kando ya silinda, na haina pampu ya oili. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), ina kijiko chini yake kinachochota oili na kuirusha kila mahali. Ndiyo maana trekta la namna hii likifanya kazi kwenye mteremko huku oili ikiwa imepungua, kijiko hukosa cha kuchota, na injini hunoki (hugonga na kukwama) kabla dereva hajaona moshi wowote.

Tukishaishusha, hatuanzi kwa kununua spea bali kwa kupima. Silinda ya K301, ambayo ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 85.7, tunaipima juu, katikati na chini, kisha tunarudia kwa kukingama, kwa sababu pistoni hulalia upande mmoja na silinda hulika hadi ikawa na umbo la yai. Pistoni za saizi kubwa zipo kwa hatua za inchi 0.010, 0.020 na 0.030, ikiwa silinda imelika ndani ya hatua hizo, inachongwa na bloku inarudi kazini kwa miaka mingine mingi. Kranki nayo hupimwa kwa uangalifu uleule, kwa kuwa konrodi ya injini hizi haina beringi ya kubadilisha pale inaposhika kranki: aluminiamu ya konrodi huzunguka moja kwa moja juu ya chuma. Konrodi iliyopunguzwa inchi 0.010 hupatikana kwa kuagiza, lakini kranki ikilika kuvuka hapo, kazi inakuwa nyingine na bei inakuwa nyingine. Kwenye K241 hadi K321 tunakagua pia kama kuna gia za kusawazisha mtikisiko, kwa sababu pini zake zikishalegea gia inaweza kuvunjika na kuitoboa bloku ambayo tayari umeilipia.

Baada ya hapo ndipo tunasaga valvu, tunasawazisha hedi (kifuniko cha silinda) kwa msasa juu ya kioo kinene, tunaweka pengo la platini (viguso vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) kuwa milimita 0.5, na tunakaza bolti za hedi kwa zamu na kwa spana inayopima nguvu. Fundi anayekwambia kwamba yote hayo yanakamilika kati ya asubuhi na saa saba mchana, muulize ni lipi kati yake ameliruka.

Wateja wengi huomba tupige ringi tu, yaani tubadilishe ringi za pistoni bila kuchonga silinda. Ringi mpya ni za duara, silinda iliyolika si ya duara, na zikikutana oili hupita pembeni kama ilivyokuwa ikipita awali. Shule moja ya bweni upande wa Magu ilitukatalia kuchonga silinda ikaona ni gharama isiyo na sababu, ikapigiwa ringi kwingine, na trekta likarudi shambani likiwa na sauti nzuri. Kabla msimu wa palizi haujaisha lilikuwa limeanza tena kutoa moshi wa buluu, na lilipoletwa kwetu tulikuta plagi imeganda masizi, valvu ya moshi imeungua, na silinda imechubuka hadi tukalazimika kuruka hatua ya 0.010 na 0.020 na kuchonga hadi 0.030, ambayo ndiyo ya mwisho. Shule ililipia ringi mara mbili, ikalipia valvu ambayo isingeungua, na ikaitumia akiba yote ya chuma iliyobaki kwenye bloku ile.

Njia ya mkato ya pili, ambayo inatuletea kazi nyingi kuliko hata hiyo, ni kung'oa injini ya zamani nyumbani, kununua mpya dukani, na kumwita mchomeleaji aifunge. Injini yenyewe hatuidharau. Nyingi za Kichina zinazouzwa sasa zimefuata umbo la Honda GX iliyotoka mwaka 1983: valvu ziko juu, haina platini ya kusafisha, hutumia petroli kidogo zaidi, na zile zenye kihisi cha oili hujizima oili inapopungua. Tatizo ni kwamba bei ya dukani ni ya injini ikiwa ndani ya boksi, si ya injini ikiwa inalima.

Mteja mmoja alivuka Daraja la Kigongo–Busisi kutoka Sengerema na trekta kwenye pikapu, akitueleza kwamba ameuziwa injini feki. Injini haikuwa feki. Shafti yake ilikuwa ya inchi 1, ilhali puli na klachi za trekta lake zilikuwa za inchi 1 na moja ya nane, kwa hiyo mchomeleaji alijaza nafasi kwa kipande cha bati lililokunjwa. Kimo cha shafti kilitofautiana na cha zamani, mkanda ukawa unakimbia kwa mshazari na kuliwa ukingo mmoja. Zaidi ya hayo, nyaya ziliunganishwa kwa rangi. Injini ya zamani yenye koili ya betri huwaka swichi ya ufunguo inapoipelekea volti 12, na huzimika inapozikata. Injini mpya ya magneto, inayojitengenezea umeme wa plagi bila betri, ina waya wa kuzimia ambao hufanya kazi kwa kugusishwa na bodi. Ukiupelekea waya huo umeme wa betri, unaharibu koili mpya siku ya kwanza, na dhamana ya duka haiilipii. Hakuna aliyekumbuka pia kwamba kwenye trekta lake, mashine iliyokuwa ikiwasha injini kwa mkanda ndiyo iliyokuwa ikichaji betri. Ilipotupwa, betri ikabaki bila mlezi.

Ipo pia tofauti ambayo boksi halielezi. K301 ina ujazo wa sentimita za ujazo 476 na pistoni yake husafiri milimita 82.6, wakati Honda GX390 ina 389 na pistoni husafiri milimita 64. Zote mbili zinadhibitiwa zisivuke mizunguko 3,600 kwa dakika na nguvu farasi zake zinakaribiana, lakini injini ya zamani yenye flaiwili nzito (gurudumu linalohifadhi mwendo wa injini) huvumilia jembe linapozama ghafla kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi unaonata, ilhali ile mpya ndogo hutaka dereva abadili gia mapema. Kwa kukata nyasi na kuvuta tela la mboga hutaiona tofauti hiyo. Kwa kulima udongo wa mbuga baada ya mvua utaiona.

Sasa, ni lini tunashauri injini mpya? Ni pale bloku imepasuka au kutobolewa, kranki imelika kuvuka kipimo, au silinda imeshafika 0.030 na imechubuka tena. Tunashauri hivyo pia kwa mteja ambaye trekta ndilo analolitegemea kila siku na hawezi kusubiri spea zinazoagizwa kutoka nje, kwa sababu pistoni ya K haikai kwenye rafu za Mwanza. Katika kazi hiyo tunachonga bushi au puli ya saizi sahihi, tunatengeneza kitako cha bolti badala ya kuchomelea, tunapanga mkanda kwa rula ndefu, na tunasuka upya nyaya za kuwasha, kuzima na kuchaji. Ukijumlisha hayo na injini yenyewe, mara nyingi gharama haiko mbali na ile ya kufufua ya zamani. Hilo ndilo mteja wetu wa Kisesa hakulihesabu alipolinganisha karatasi yetu na bei ya dukani.

Ada ya kushusha na kupima tunaitoza mwanzoni, na tunaikata kwenye bili ikiwa kazi itafanyika kwetu. Vipimo tunaviandika na mteja anapewa nakala, hata akiamua kuondoka navyo kwenda kwa fundi mwingine. Bei haipunguzwi kwa kuruka kupima. Inaweza kupunguzwa kwa mteja kutafuta spea mwenyewe, mradi atuonyeshe kabla hatujazifunga.

Neno moja kuhusu vumbi, hasa kwa walio kwenye udongo wa luseni, yaani wa kichanga: eakilina (chujio la hewa) iliyochanika humaliza silinda iliyotoka kuchongwa ndani ya msimu mmoja, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Ikaguliwe kila siku ya kazi pamoja na oili, trekta likiwa limesimama pasipo na mteremko.

Unapotuletea trekta, usiioshe injini na usimwage oili yake, kwa kuwa chembe za chuma zilizomo hutuonyesha kilicholika kabla hatujafungua bolti ya kwanza. Na kama umeshaifungua nyumbani, njoo na kila kitu kilichotoka, pamoja na ile gasketi iliyoungua ambayo ulikuwa unataka kuitupa.