Risala ya wanachama wanaoishi na kisukari, Mombasa, kwa mgeni rasmi wa Siku ya Kisukari Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji mlioitikia mwaliko wetu, wauguzi wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kufika, tena kwa wakati. Hatulisemi hilo kwa kujipendekeza. Tumewahi kumngoja mgeni rasmi hadi wenzetu wanaojidunga insulini wakaanza kutokwa na jasho la sukari kushuka, ikabidi kamati iwagawie soda zilizokuwa za meza kuu. Leo soda zako ziko salama.

Kikundi chetu kilianzia kwenye baraza moja pale Majengo, watu wachache waliojuana kwenye foleni ya kliniki. Leo tuna wanachama kutoka Kisauni, Likoni, Changamwe na Mji wa Kale, na tumepiga hatua kubwa za maendeleo. Tumenunua viti vya plastiki ambavyo sasa vinategemewa na arusi za Majengo na Bondeni. Tuna matembezi ya afya ya Jumapili asubuhi pale Mama Ngina, yanayovutia wengi wanaokuja kuangalia meli. Kinamama wetu wameleta mapinduzi ya mahamri ya unga wa ata yasiyotiwa sukari. Waume hawajayakubali, lakini mapinduzi huanza mahali. Tunazo pia mashine mbili za kupimia presha, na moja inafanya kazi. Historia yetu ndiyo hiyo, mheshimiwa, hatutaki kukuchosha.

Kilichotufanya tukuite ni pumzi zinazotukatika usingizini, na habari yake ni hii ifuatayo.

Miongoni mwetu yuko dereva wa lori la makontena. Sukari yake si mbaya, lakini presha imekataa. Anameza dawa tatu, mojawapo ya kukojoza, na kila akipimwa anakuta iko juu. Kliniki alikemewa kwamba hamezi dawa. Akawa anaenda na pakiti tupu mfukoni kama ushahidi. Mkewe ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia kwamba mumewe hukoroma hadi majirani wakagonga ukuta, kisha hunyamaza ghafla, kifua kinahangaika lakini pumzi haitoki wala haiingii, halafu hushtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akaendelea kulala. Usiku mmoja alichukua tasbihi yake, kila pumzi ikikatika akavuta punje moja. Kabla ya adhana ya alfajiri zile punje 99 zilikuwa zimekwisha. Asubuhi mwenyewe hakumbuki lolote, ila anaamka na kichwa kinauma na mdomo mkavu, na mchana usingizi humchukua kwenye foleni ya malori ya kuingia bandarini, akaamshwa na honi za wenzake. Tunaomba mheshimiwa ulifikirie lori hilo likiwa nyuma ya gari lako.

Daktari aliyejitolea kuja kutufunza alitueleza kinachotokea. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine, hasa wenye mwili na shingo nene, njia ya hewa huziba kabisa au hubaki kitundu. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo huzinduka na kuutia mwili hofu, moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Zikiwa mara 5 kwa saa, huo tayari ni ugonjwa, nao unaitwa apnia ya usingizi. Zikifika 30 kwa saa, ni hali kali. Na homoni hizohizo za hofu hulifanya ini kumwaga sukari kwenye damu na kuipunguzia insulini nguvu. Ndiyo maana wapo wenzetu wanaolala bila kula chochote wakaamka na sukari ya kushangaza, nyumbani wakashukiwa kuiba kaimati usiku. Si wote walioonewa, lakini wengine wameonewa.

Kwa mtu mzima wa afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, mishipa ikapata kupumzika. Kwa mwenye apnia mara nyingi haishuki hivyo, na kwa wengine hupanda. Kisukari nacho, kikikaa mwilini miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu inayouendesha moyo tukiwa tumelala, kwa hiyo sisi tunapigwa pande mbili. Figo, macho na moyo, ambavyo sukari imeshavianza, presha ya usiku inavimalizia. Nasi tunapimwa saa 4 asubuhi, tumekaa kitini, tumeambiwa tutulie.

Mheshimiwa, haya si maneno ya barazani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa wito mwaka 2008 kwamba wenye kisukari waangaliwe apnia, na wenye apnia waangaliwe kisukari. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwapima usiku watu 306 wanene wenye kisukari cha aina ya pili, wakakuta zaidi ya asilimia 86 wana tatizo hili, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa. Hatudai kwamba Mombasa ni vivyo hivyo. Tungependa sana kudai lolote, lakini hatujapimwa.

Mwaka juzi mgeni rasmi wetu, katika ukumbi kama huu na mbele ya biriani kama hii, alisimama akasema kipimo cha usingizi kitakuja "kabla ya mvua za masika". Tulipiga makofi hadi viti vyetu vikatetereka. Masika yalikuja, yakafurisha barabara, yakaenda zake. Tuliandika barua, tukaambiwa ofisi haijaiona. Tulipeleka nakala, tukaambiwa tungoje bajeti. Bajeti ilisomwa, tukaambiwa tuandike barua. Mwaka uliopita alikuja mwingine, naye hakuahidi kipimo, kwa hilo tunamheshimu. Alituletea fulana zenye picha yake. Ni pamba nzuri, mheshimiwa, ndizo tunazolalia, na ndani yake ndimo tunamokoromea.

Tunachokiomba kwako si jengo, wala hakihitaji kukatiwa utepe. Vipimo viwili vya kupimia usingizi nyumbani vinaingia kwenye mkoba mdogo: mkanda wa kifuani, mrija mwembamba wa puani na kibanio cha kidole cha kusoma oksijeni. Mtu analala navyo kitandani kwake, asubuhi anavirudisha, mwingine anavichukua. Pamoja navyo tunaomba mashine moja ya presha inayovaliwa mkononi saa 24, ili usiku wetu nao uandikwe kwenye faili. Kwa watakaothibitishwa kuwa na hali kali, tunaomba mashine chache za kusukuma hewa kupitia barakoa, ambazo kikundi kitaziazimisha kwa daftari kama kinavyoazimisha viti. Mashine hiyo ilitangazwa na daktari wa Sydney, Colin Sullivan, tangu mwaka 1981. Ina umri wa kuwa na wajukuu, na Likoni haijavuka.

Hatutakudanganya kwamba inatibu kila kitu. Kwa wastani hushusha presha kwa alama chache tu, na hufaa zaidi wale ambao dawa zimewashinda, kama dereva wetu. Sukari yenyewe haijathibitika kwamba inashuka sana. Inataka ivaliwe kwa muda wa saa 4 au zaidi kila usiku, na kwa joto la Mombasa barakoa si kilemba cha harusi. Inataka umeme pia, na hilo tunaliacha kwa leo, mheshimiwa, tusije tukakuongezea mzigo. Kupunguza uzito husaidia, kulala ubavu husaidia, na hayo tumeshaanza wenyewe bila kumwomba mtu. Mwanachama mmoja amejishonea mpira wa tenisi mgongoni mwa kanzu ya kulalia ili asilale chali. Mkewe anasema unafanya kazi, isipokuwa usiku anapomgeuzia yeye mgongo.

Jambo moja lisisahaulike. Kipimo bila mtu wa kukisoma ni pambo. Tunaomba mhudumu mmoja wa afya afunzwe kuyasoma majibu, na awe anakuja kwetu hata mara moja kwa mwezi. Kamati imeshawauliza wanachama maswali ambayo madaktari huanza nayo: je, unakoroma, mchana unachoka, kuna aliyekuona pumzi ikikatika, una presha, shingo yako imezidi sentimita 40? Tulipima shingo kwa utepe wa fundi cherehani, na waliozidi walikuwa wengi kiasi kwamba fundi aliuliza kama tunashonewa sare. Majina yao yako kwenye orodha. Wanangoja.

Tulikuwa pia na ombi la stripi za kupimia sukari na la paa la choo, lakini tumeyaweka kando ili yasije yakalifunika hili.

Karatasi za bei kutoka maduka matatu tofauti zimo kwenye bahasha ya kaki iliyo mbele yako, pamoja na nakala za barua zetu zote za nyuma, zikiwa na mihuri ya kupokelewa, iwapo ofisi itasema tena haijaziona. Kitabu chetu cha wageni kina safu tatu: jina, ahadi, na tarehe ya kutimiza. Mbili za kwanza zimejaa vizuri, kwa mwandiko mzuri. Mweka hazina atakuletea kalamu sasa hivi, na tunaomba uijaze ile ya tatu kabla hatujakukaribisha mezani.

Ni sisi wako,
Wanachama,
imesomwa na Katibu kwa niaba ya kamati.