Mheshimiwa Waziri, mwaka mmoja haumtoshi aliyegongwa na treni

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Nairobi

Mheshimiwa,

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Nairobi. Siku nzima nashinda na faili: fomu za P3 za kuthibitisha majeraha, ripoti za daktari, abstrakti za polisi, yaani hati za kuthibitisha ajali. Jioni napanda matatu inayokatiza reli huko Eastlands. Kivuko hicho hakina kizuizi wala taa. Makanga huruka chini, akachungulia kushoto na kulia, kisha akapiga bodi mara mbili, tukavuka. Siku akiwa na haraka hashuki, hutoa kichwa mlangoni tu. Abiria kumi na wanne tunategemea shingo ya kijana mmoja.

Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 2013, pale Mutindwa, hapa Nairobi, treni iligonga basi la abiria na watu zaidi ya kumi wakafa. Ajali za namna hii zikitokea, lawama humshukia dereva wa gari, na mara nyingi ni haki yake. Treni haina usukani wa kukwepa, na hata ikifunga breki huenda mbali kabla ya kusimama. Simtetei dereva anayeshindana nayo. Lakini aliyeketi kiti cha nyuma akisoma simu yake alishindana na nani?

Huyo ndiye ninayeandika barua hii kwa niaba yake. Akitaka kumshtaki mwenye matatu kwa uzembe, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inampa miaka mitatu. Akitaka kulishtaki Shirika la Reli kwa ajali hiyo hiyo, kifungu cha 87 cha sheria ya shirika hilo, Sura ya 397, kinampa miezi kumi na miwili. Tena kwanza ampelekee Mkurugenzi Mkuu notisi ya maandishi, angoje mwezi mzima ndipo afungue kesi.

Mheshimiwa, wewe hesabu na mtu aliyevunjika nyonga. Miezi mitatu yuko kitandani. Akianza kutembea na magongo anafuata abstrakti kituoni, anaambiwa afisa aliyeandika amehamishwa, rudi Jumatatu. Daktari hawezi kuandika ripoti ya mwisho kabla mfupa haujaunga. Watu huingia kwetu na bahasha ya eksirei kwapani, na swali langu la kwanza, kabla hata ya kuuliza jina, ni tarehe ya ajali.

Basi miezi kumi na miwili ikiwa imepita, anashtaki matatu peke yake, maana ndiyo iliyobaki. Kesi inasikizwa miaka miwili baadaye. Tuseme ushahidi unaonyesha ilikuwa usiku, treni haikuwasha taa wala kupiga honi, na dereva wa matatu alisimama akaangalia kama ipasavyo. Hakimu atafanya nini? Atamwondolea dereva lawama. Abiria atakuwa ameshinda hoja kwamba hakukosa, na bado atarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa mwenye kosa, Shirika la Reli, hawezi kushtakiwa tena.

Najua jibu la kawaida: shirika ni la umma, lisisumbuliwe na madai ya zamani ambayo mashahidi wake wametawanyika. Haya. Lakini kati ya shirika na abiria, nani mwenye kumbukumbu za safari, majina ya wafanyakazi wa zamu na mawakili wa mshahara? Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti la notisi ya siku 30 kwa anayeishtaki Serikali, lililo katika kifungu cha 13A cha Sheria ya Mashtaka ya Serikali, linakiuka haki ya kufikia mahakama iliyo katika Kifungu cha 48 cha Katiba. Notisi ya kwenye Sura ya 397 ni ndugu yake wa toka nitoke.

Sikuombi kizuizi katika kila kivuko. Hilo linahitaji pesa, nami nimeishi hapa muda wa kutosha kujua maana ya neno bajeti. Naomba mswada wa ukurasa mmoja: kwa aliyeumia au aliyefiwa katika ajali ya treni, miezi kumi na miwili ya kifungu cha 87 iwe miaka mitatu, na kukosa notisi kusimfungie mtu mlango wa mahakama. Ukiwa tayari, mwambie katibu wako atutafute. Rasimu ninayo, nimeichapa wakati wa chakula cha mchana.

Wako mtiifu,
Karani wa faili, Nairobi