Daraja la Busisi limetunyang'anya kisingizio

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sio kulalamika sana, ni jambo ambalo wengi wetu hapa Mwanza tunalijua ila tunajifanya hatulijui.

Mimi naishi Buhongwa. Bibi yangu mzaa baba yuko kijijini upande wa Sengerema, ukishavuka Busisi unashuka barabarani unachukua bodaboda kama dakika ishirini hivi. Umri wake hasa hakuna anayeujua, cheti hana, ila anasema Uhuru wa 1961 ulimkuta na baba mkubwa yuko mgongoni, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Huyo ndo bibi ambaye mimi nilikuwa naenda kumuona Krismasi kwa Krismasi, na mwaka mwingine hata Krismasi siendi, na ukiniuliza nilikuwa na jibu mfukoni: kivuko.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Ukitoka stendi ya Nyegezi unapita Buhongwa, ukifika Usagara unaiacha barabara ya Shinyanga unakata kulia mpaka Kigongo, na hapo zamani lami ilikuwa inaishia ziwani. Unashuka, unasubiri MV Mwanza au MV Misungwi, kama iko ng'ambo basi unakaa unaiangalia kule Busisi inavyopakia malori taratibu kama haina haraka na maisha ya mtu. Siku nzuri unavuka fasta, siku mbaya masaa mawili yanakatika hivi hivi unakula mayai ya kuchemsha. Babu alipofariki tulikaa kwenye ile foleni na jeneza, jua la saa saba, kina mama wanaimba mpaka sauti zikakauka. Sijasahau na sidhani kama nitasahau.

Sasa 19 Juni 2025 Rais Samia akafungua daraja, kilomita 3 juu ya maji, na mimi mara ya kwanza kupita niliangalia saa kabisa, dakika tano hazikufika. Nikasema basi, sasa kwa bibi nitakuwa naenda kila wikiendi. Mhariri, nilikaa miezi sijaenda! Nauli ninayo, daraja lipo, Jumapili nipo nyumbani naangalia mpira. Bibi mwenyewe akapiga simu (anapigiwa na mjukuu wa pale, yeye anaongea kwa kupiga kelele kama tuko ng'ambo ya ziwa kweli) akasema, "Mume wangu, nasikia wamewajengea daraja, sasa mtasema nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaenda. Nimefika nimemkuta kwenye mkeka chini ya mwembe, nikampa shikamoo, akaitika marahaba mume wangu, halafu akaanza kuita majina ya wajukuu wa mjini mmoja mmoja kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Wa Nyakato yuko wapi? Wa Igoma? Na yule wa Kirumba aliyesema atakuja kunifungia taa? Nikawa najibu wote wanatuma salamu na hela. Akasema hela anaziona zinaingia kwenye simu, ila simu haijawahi kumkuna mgongo.

Hapo tulicheka wote, ila kilichonifanya niandike barua hii ni kitu kingine. Jioni shangazi ameleta ugali wa muhogo na sato, tunakula, bibi akatoa kikaratasi cha dawa za presha alichokifunga kwenye pindo la khanga. Anameza leo, kesho anaacha. Namuuliza kwa nini, anasema zikiisha nani ataleta, bora azinyooshe zifike mbali. Na mimi kila mwezi natuma hela ya dawa! Sio kwamba hela ilikuwa haifiki, ilikuwa inafika, ikija inanunua sukari ya watoto wa marehemu mama mdogo na daftari za shule maana bibi hawezi kula mtu mwingine anaangalia. Hilo kwenye simu huwezi kuliona, kwenye simu unaambiwa hatujambo tu. Ningekaa mjini mpaka lini na meseji yangu ya muamala imethibitishwa?

Kwa hiyo nikamchukua nije naye Mwanza apimwe vizuri. Tumepanda hiace, yeye kashika kifurushi cha michembe (viazi vitamu vya kukaushwa), hakuwa amewahi kupita darajani, alikuwa analisikia tu. Nikamwambia bibi ndo hili, tunavuka. Akatazama maji upande wa kulia, akatazama kushoto, kabla hajamaliza kushangaa tuko Kigongo. Akauliza, "Tumeshavuka?" Nikamwambia ndio. Akamwambia konda kwa sauti turudi, yeye hajaona vizuri. Gari zima likacheka, na konda akamjibu kwa heshima kwamba bibi tukirudi ni nauli nyingine.

Ombi langu kwa wenye hiace na wanaohusika na barabara, maana siwezi kuandika gazetini bila kuomba kitu. Siku ya kwenda dereva alinipitiliza nikashushwa mbele sana, nikarudi kwa mguu na mfuko wa sukari kichwani. Mimi nina nguvu, mzee wa miaka themanini je? Enzi za kivuko gari lilikuwa linasimama litake lisitake, na ndo shangazi yangu huyo huyo wa sato alikuwa anauza samaki wa kukaanga pale Busisi akasomesha watoto. Sasa gari zinapita kama upepo na karai lake liko jikoni limegeuzwa. Wangekubaliana kituo kimoja chenye kivuli upande wa Busisi, kila hiace isimame hata dakika mbili, wazee washuke na kina mama wauze.

Na ninyi wajukuu wenzangu wa Nyakato na Igoma mnaosoma gazeti hili kwenye kinyozi, mnajijua. Bibi yuko kwangu mpaka Jumamosi, presha imeshuka kidogo, dawa anameza kila siku maana nasimama mbele yake. Jumamosi namrudisha, na amesema safari hii anataka ashushwe mwanzo wa daraja atembee hatua zake mbili tatu pale pembeni pa waenda kwa miguu. Nafasi kwenye gari zipo mbili.

Mjukuu,
Buhongwa, Mwanza