Barua ya wazi: Tunaomba pazia kati ya kitanda na kitanda

Kwa Mheshimiwa unayesimamia majengo ya hospitali zetu,

Baada ya salamu, nakuandikia mimi, fundi wa chokaa wa Mji wa Kale, Lamu, kwa jambo lililotokea usiku wa kuamkia Jumatano katika wodi alimolazwa mamangu. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, anasema mgonjwa wa kitanda cha pili alikata roho taa zikiwaka, na kwa kuwa wodi nzima haina pazia hata moja, yeye na wanawake wenzake wawili walivua leso zao wakazishika juu kwa mikono mpaka wauguzi walipomaliza kumsitiri marehemu. Mamangu, aliyekuwa amepasuliwa siku moja tu kabla, aliyaona yote. Tangu hapo halali. Hujifunika uso kwa mtandio kwa sababu ya taa ya mrija inayopepesa juu ya kichwa chake, na kila mlango wa chuma unapobamizwa hushtuka akashika kidonda.

Mheshimiwa, ulituahidi mkutanoni mwaka jana, kwa kinywa chako, kwamba wodi zitatengenezwa ziwe mahali pa mgonjwa kutulia. Kilichokuja ni rangi ya mafuta nyeupe, nadhani kwa kuwa huoshwa upesi, na hilo silikatai. Lakini inang'aa mno, humrudishia mwanga machoni aliyelala chali. Dirisha la pekee linalotazama mwarobaini limezibwa na kabati la mafaili.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala kwenye dirisha lenye kuona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Sisi mti tunao, tena wa kivuli kizuri, na kabati lile watu wawili hulisogeza.

Nyumba za mawe ninazozitengeneza kila siku zina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha tekani, yaani ukumbi wa ndani uliokatwa kona, ili apitaye njiani asiwaone walio ndani, na chokaa yake hupokea mwanga bila kuumiza jicho. Mtu aliyezaliwa katika sitara hiyo anapougua hulazwa wazi kama bidhaa sokoni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 28, inamlindia kila mtu heshima ya utu wake, na cha 31 faragha yake.

Taa, rangi na milango naweza kuvisubiri. Mapazia siwezi. Naomba mapazia ya kitambaa kinachofulika, kitanda kwa kitanda, na fimbo zake nitazifunga mwenyewe bila malipo. Mamangu anarudi kupasuliwa tena mwezi ujao, katika wodi ile ile.

Wako mwananchi,
Fundi wa chokaa, Lamu