Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa nyumba za kutunzia wazee

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu,

YAH: NAMNA OFISI YAKO INAVYOPIMA UBORA WA MATUNZO YA WAZEE

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia kuhusu ripoti ya ukaguzi iliyobandikwa mlangoni mwa nyumba anamotunzwa mama yangu, ambayo inasema kuwa huduma za nyumba hiyo ni nzuri. Siku ilipobandikwa, mama alikuwa na uzito wa kilo 54. Miezi sita kabla yake alikuwa na kilo 61. Tarakimu hizo nimezitoa katika daftari la uzito la nyumba yenyewe, nililoliomba na kulisoma kwa macho yangu. Mkaguzi wako naye alilishika daftari hilohilo, na alichoandika ni kwamba lipo na limejazwa.

Maneno hayo si ya uongo, na hilo ndilo linalonisumbua. Mzee anayepungua asilimia 10 ya uzito wake katika miezi sita bila kukusudia, au asilimia 5 katika mwezi mmoja, huhesabiwa na wataalamu kuwa yumo hatarini, na ni lazima atafutiwe sababu. Huenda meno ya bandia hayamkai, huenda anameza kwa shida, huenda dawa fulani imemwondolea hamu ya kula, huenda ana huzuni asiyoisema. Huenda pia sinia la chakula huwekwa mahali asipofikia, kisha huondolewa likiwa halijaguswa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumlisha. Daftari lililojazwa vizuri lilikuwa linaeleza habari hiyo mwezi baada ya mwezi, ila hakuna aliyelisoma.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian alieleza kwamba ubora wa matibabu unaweza kutazamwa katika mambo matatu: vifaa na watu waliopo, kazi inavyofanyika, na hali anayobaki nayo mgonjwa mwishowe. Fomu ya ofisi yako imeelemea jambo la kwanza: vyeti, vizimamoto, upana wa milango, sera zilizotiwa sahihi. Sivibezi, kwa maana nami sitaki mama alale katika nyumba isiyo na njia ya kutokea moto ukizuka. Lakini sera ya kuzuia vidonda vya kulalia inaweza kukaa kabatini miaka kumi huku kisigino cha mtu kikioza ghorofa ya juu.

Niruhusu nikae kidogo kwenye vidonda hivyo, kwa sababu sijui kipimo kinachosema ukweli zaidi yake. Mtu asiyeweza kujigeuza akilazwa upande mmoja muda mrefu, uzito wa mwili wake huikandamiza ngozi iliyo juu ya mifupa, damu haipiti, na ngozi huanza kufa. Hatua ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa, ambao kwa mwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi, hivyo muuguzi hutakiwa kupapasa mahali penye joto au ugumu usio wa kawaida. Hatua ya nne hufika kwenye msuli na mfupa. Kati ya hatua hizo mbili zipo siku nyingi ambazo mtu angemgeuza, angemkausha, angemlisha. Katika nyumba ninayoisema ipo karatasi ya kumgeuza mgonjwa inayotiwa sahihi kila baada ya saa mbili. Usiku mmoja niliikuta imeshatiwa sahihi ya saa kumi alfajiri, na saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nne usiku. Simlaumu mhudumu aliyeitia. Alikuwa peke yake katika ukumbi mzima, na alijua kwamba kitakachokaguliwa ni karatasi.

Hapo ndipo inapokuja idadi ya wahudumu, ambayo wakaguzi wako huitoa kwenye orodha ya zamu waliyopewa na msimamizi. Marekani ilianza kuzipa nyumba hizi nyota mwaka 2008, ikitegemea idadi ambayo nyumba zenyewe ziliitaja. Kufikia mwaka 2018 nyota za upande huo zilikuwa zinatolewa kwa kumbukumbu za malipo ya mishahara, ambazo ni vigumu zaidi kuzipamba. Ninaomba ofisi yako ifanye vivyo hivyo, na itazame usiku na siku za mwisho wa juma peke yake, kwa kuwa wastani wa wiki huficha mengi. Iulize pia ni wahudumu wangapi wameacha kazi tangu ukaguzi uliopita. Mama huogeshwa na sura mpya karibu kila mwezi.

Ripoti inausifu utulivu wa ukumbi. Mheshimiwa, utulivu wa aina hiyo unahitaji kuchunguzwa kabla ya kusifiwa. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetahadharisha kwamba dawa za magonjwa ya akili za kundi linalotumika sana kuwanyamazisha wazee wenye ugonjwa wa kusahau huongeza hatari ya kufa kwao. Vilevile nyumba isiyo na hata anguko moja katika vitabu vyake huenda inawalinda watu, huenda haiandiki, huenda inawafunga kwenye viti. Nakiri kwamba tarakimu zinaweza kuionea nyumba njema: ile inayokubali kupokea wagonjwa mahututi itakuwa na vidonda vingi, na haki ni kutenga vilivyokuja na mgonjwa kutoka hospitali na vilivyoanzia hapo.

Kuhusu mahojiano, mama aliulizwa kama anatendewa vema huku msimamizi amesimama kando ya kitanda. Alijibu ndiyo. Wako pia wasioweza kujibu kabisa, na kwa hao wakaguzi wa Uingereza wana utaratibu wa kuketi ukumbini na kutazama kwa muda: nani anasemeshwa, nani analishwa na mtu anayezungumza na mwenzake juu ya kichwa chake, kengele inaita kwa dakika ngapi kabla ya mtu kufika.

Ofisi yako haijatangaza siku ya ukaguzi ujao, na inasemekana ni wa kushtukiza. Hata hivyo, wiki hii kuta za ukumbi zimeanza kupakwa rangi. Ninaomba siku hiyo ibadilishwe iwe usiku wa Jumapili, na mkaguzi atakayekuja aanze kwa kuwapima wazee uzito.

Wako katika kusubiri jibu,

Mtoto wa mmoja wa wazee wanaotunzwa humo